Manowari ya makumbusho inavuja, imelala upande, inanuka: unaanzia wapi kuitafuta shida

Ukiwa na manowari ya zamani imefungwa gatini kama makumbusho, adui wako ni maji, hilo kila mtu analijua, ila kinachosahaulika ni kwamba maji yenyewe yapo ya aina tatu na kila aina ina dawa yake. Kuna ya nje yanayopenya chini ya mstari wa maji, kuna ya mvua yanayoshuka toka sitahani, na kuna ya hewani yanayogeuka matone yakikuta chuma baridi. Sasa unakuta mtu kaona dimbwi kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya meli, maji yanapokusanyika), anaongeza pampu, ngama inakauka, anaridhika, kumbe hajui hata hayo maji yametoka wapi. Kwa hiyo humu kote swali la kwanza litakuwa hilohilo, maji ya wapi haya, alafu ndo tunashika spana.

Na tukumbushane kitu kimoja, hizi meli hazikujengwa kukaa miaka mia. Zilijengwa zipigane, zipande chelezo (gati la kuitoa meli majini ili itengenezwe chini) kila baada ya miaka michache, zikizeeka zikatwe chuma chakavu. USS Olympia ya Philadelphia (USS ni meli ya jeshi la majini la Marekani) iliingizwa jeshini 1895 na mara ya mwisho kupanda chelezo ilikuwa 1945. Yaani chuma kimekaa majini miaka yote hiyo, bado inaelea, na hiyo sio kawaida kabisa, usiichukulie kama kipimo cha meli yako.

Pampu zinawaka mara nyingi kuliko zamani

Kila pampu ya ngama iwekewe kifaa cha kuhesabu masaa iliyofanya kazi, na mtu aandike hiyo namba kila asubuhi kwenye daftari. Bila hiyo namba hamna utambuzi wowote manake pampu inayojiwasha yenyewe ndo kitu kinachoficha ugonjwa kuliko vyote, inavuta usiku watu wamelala, asubuhi ngama kavu, kila mtu anapita anasema safi, na tundu linaendelea kukua.

Namba ikianza kupanda chukua maji ya ngamani kwenye chupa, chukua na ya nje ubavuni, pima chumvi zote mbili. Kile kipimo kidogo cha kuchovya kinatosha, usionje kwa ulimi, humo kuna mafuta na madini ya risasi ya rangi za zamani. Zikilingana, maji yanatoka nje. Ya ndani yakiwa hayana chumvi wakati nje ni bahari, acha kutafuta tundu chini, nenda juu sitahani au kwenye bomba za maji ya bandarini, maana bomba la choo la wageni lililopasuka limewahi kusumbua watu wengi wakidhani meli inazama.

Kama meli ipo mtoni ambako kila kitu ni maji baridi hicho kipimo hakikusaidii, hapo unatumia daftari. Weka masaa ya pampu pembeni ya hali ya hewa. Yakipanda siku ya mvua na kesho yake alafu yakashuka, shida ni sitaha. Yakipanda siku za upepo na mawimbi au meli kubwa zikipita karibu, tundu lipo juu kidogo tu ya mstari wa maji na linalowa kwa vipindi. Yakipanda maji yakijaa na kushuka yakipwa, hiyo ni habari nyingine, manake meli inayoelea inapanda pamoja na maji, kwa hiyo ukiona pampu inafuata maji kujaa na kupwa jua meli yako imekalia tope na maji yanaipanda ubavuni. Na kama haijali mvua, upepo wala saa, tundu lipo chini kabisa.

Kulipata lenyewe, tuma mzamiaji na chupa ya rangi isiyodhuru, apite taratibu kando ya mabamba akiitoa kidogokidogo, penye tundu utaona rangi inavutwa ndani kama moshi. Mtu mwingine awe ndani na tochi upande huohuo wanawasiliana kwa kugonga. Ni kazi ya polepole lakini inakupa sehemu kamili.

Sasa visababishi. Watu wote wanawaza kutu imekula bamba, na mara nyingi ni kweli, ila angalia kwanza matundu yaliyowekwa makusudi. Manowari inatobolewa chini sehemu nyingi sana, za kupozea mitambo, za maji ya kuzimia moto, za vyoo, za kujaza matanki. USS New Jersey ilipopanda chelezo Philadelphia mwaka 2024 moja ya kazi kubwa ilikuwa kukagua matundu ya aina hiyo 165. Kila moja lina valvu yake na hizo valvu ndo mtego wenyewe. Unaiona imefungwa, gurudumu limekaza, unaamini. Kumbe kiti cha ndani kimelika siku nyingi na kinachozuia maji ni uchafu na kutu iliyojishikiza pale. Sasa fundi mwenye bidii anakuja, anasema ngoja niikaze vizuri zaidi, anazungusha, ule uchafu unaachia, shina la valvu linabaki mkononi, na bahari inaingia kwa kipenyo kizima cha bomba. Kanuni yangu ni kwamba valvu ya chini ya maji ambayo haijaguswa miaka mingi haiguswi mpaka mzamiaji awe ameshaziba nje. Ikishazibwa nje unaifungua ndani unaweka flenji kipofu (kifuniko kizima cha chuma kwenye mdomo wa bomba), na valvu yenyewe unaiacha ipumzike.

Kingine kinachosahaulika ni pale shafti za mapanga (mapangaboi ya kusukumia meli) zinapotokea nje, pakingi zake za kuzuia maji zinakauka kwasababu shafti haizunguki tena. Hiyo ni rahisi, inakazwa au inafungwa kabisa.

Kuziba kwa muda: kigingi cha mbao laini kwa tundu dogo, sanduku la zege kwa ndani ukiweza kulifikia, epoksi ya chini ya maji kwa nje. Epoksi haipendi baridi, kama maji ni ya barafu inachelewa kushika au haishiki kabisa, kwa hiyo ukifika msimu wa baridi na kazi haijaisha usijidanganye kwamba umeshaziba. Kuhusu kuchomelea bamba jipya juu ya la zamani, inafanyika sana na wakati mwingine hamna njia nyingine, mimi binafsi siipendi, kati ya bamba mbili panabaki uwazi unaoshika maji na kutu inaendelea humo ambapo huioni tena. Alafu la zamani likiwa jembamba, moto wa kuchomelea wenyewe unalitoboa.

USS Texas ndo somo kamili la haya yote. Iliingizwa jeshini 1914, ikafanywa makumbusho 1948, na ubavuni ina matumbo ya chuma yaliyoongezwa miaka ya 1920 kuikinga na torpido. Hayo matumbo yalioza kiasi kwamba meli ilikuwa inategemea pampu mchana na usiku ili isikae chini. Ilipanda chelezo mwishoni mwa miaka ya 1980 alafu haikupanda tena mpaka Agosti 2022, baada ya jimbo la Texas kutenga dola milioni 35, na ilitoka Machi 2024 ikiwa na matumbo yaliyojengwa upya.

Mstari wa maji umechimbika

Chuma kilichozama muda wote kinaoza polepole, kilicho juu kikavu kinaoza polepole, ila ule ukanda wa katikati unaolowa na kukauka, una hewa tele na maji tele, ndo unakwenda mbio. Kwa nje utaona rangi imevimba mapele, kwa ndani utaona unga wa kahawia chini ya viungo. Gonga na nyundo ndogo, bamba zima linalia, bamba lililokwisha linatoa sauti butu kama ya mbao mbichi. Gonga kwa adabu lakini, na sio chini ya mstari wa maji, kuna watu wametokeza nyundo upande wa pili.

Nyundo inakuonyesha pa kutazama, kipimo kinatoka kwenye mashine ya mawimbi ya sauti inayosoma unene wa chuma. Chora miraba ubavu mzima kwa chaki, pima kila mraba, linganisha na michoro ya kiwandani. Bamba lililopoteza kama robo ya unene wake hilo liandike kwenye orodha ya kubadilishwa. Destroya (manowari ndogo za mwendo kasi) ndo za kuogopa zaidi kuliko meli za kivita kubwa, ngozi yake ni nyembamba toka siku ya kwanza kwasababu zilitengenezwa zikimbie. Destroya USS Laffey kule Charleston mwaka 2008 ilikutwa imetoboka sehemu nyingi sana mpaka ikabidi ivutwe chelezoni mwaka uliofuata kwa haraka.

Kwenye meli za ribiti (misumari ya chuma inayoshika bamba badala ya kuchomelea) angalia pia vichwa vya ribiti. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichotokea, kwa hiyo ikijazana kati ya bamba mbili inazipanua kwa nguvu mpaka ribiti zinakatika. Ukiona mshono umetuna usipake rangi juu ukaondoka.

Mvua ikinyesha maji yanadondoka ndani

Hili watu wanalidharau na mimi nasema meli nyingi zinauliwa na mvua kuliko bahari, kwasababu bahari ina mzamiaji na pampu na alamu, mvua ina ndoo tu iliyowekwa chini ya tone.

Sitaha ya mbao haijasimama peke yake, chini yake kuna bamba la chuma, na mbao zimefungwa kwa bolti zinazopita kwenye hilo bamba. Kalafati (nyuzi na lami zinazoziba kati ya mbao) ikichoka maji yanapita kati ya mbao, yanafika kwenye chuma, hayana pa kutokea, yanakaa pale yanakula chuma mwaka hadi mwaka mbao juu zikiwa zinapendeza kabisa. Alafu yanapata tundu moja la bolti, yanashuka, yanafuata boriti au mkongo wa nyaya, yanatokea vyumba vitatu mbele. Kwa hiyo usikalafati juu ya pale panapodondoka, utapoteza mwezi mzima.

Jaribu hivi, siku kavu, watu wawili wenye redio. Anza sehemu ya chini kabisa ya mteremko wa sitaha, zungushia kipande kidogo na kizuizi, mwaga maji yenye rangi, subiri. Subiri kweli, nusu saa au zaidi, maji yanatembea taratibu. Hamna kitu? Panda kipande kinachofuata. Ukianza juu maji yanateremka mpaka chini na hujui yameingilia wapi. Angalia pia miguu ya mizinga, vizingiti vya milango, matundu ya nyaya na viunganishi vya reli, mara nyingi mbao hazina kosa lolote.

Na tafadhali usimwage zege. USS Texas iliwahi kutolewa mbao ikawekewa zege, zege ikapasuka, maji yakaingia kwenye nyufa na yakakaa chini yake kwa raha zaidi kuliko mwanzo. Zege ni nzito, haipindi pamoja na chuma jua likiwaka, na huwezi kuifungua kuona kinachoendelea.

Kuta zinatoka jasho, ila hamna tundu popote

Chini ya mstari wa maji bamba lina ubaridi wa maji ya nje. Ukifungua milango yote siku ya joto lenye unyevu ili meli ipumue, unaingiza hewa nzito ndani ya jokofu, na unyevu wote unatua ukutani. Nia nzuri, matokeo mabaya. Fungua tu kama hewa ya nje ina unyevu mdogo kuliko ya ndani, pima vyote viwili. Chuma kinaanza kuoza kwa kasi unyevu ukivuka kama asilimia 60, na ukiushikilia chini ya 40 kutu inakaribia kusimama, ndo maana majeshi ya majini yalipozihifadhi meli za akiba yalizifunga na kuziwekea mashine za kukausha hewa badala ya kuzipaka rangi kila siku. Vyumba ambavyo wageni hawaingii fanya hivyohivyo.

Harufu ya mayai viza

Hapa simama kwanza, usiingie. Hiyo harufu inatoka kwa vijidudu vinavyoishi kwenye maji yaliyolala na tope lisilo na hewa, vinatoa gesi yenye sumu, na ubaya wake ni kwamba gesi ikizidi pua inakufa ganzi, unadhani harufu imeisha. Juu ya hapo kutu yenyewe inakula oksijeni. Tanki lililofungwa miaka linaweza kuwa halina hewa ya kutosha hata kama ni kavu na halinuki chochote, mtu anashuka ngazi anazimia, mwenzake anamfuata kumuokoa anazimia pia. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikisoma chini ya 19.5 hamna kuingia, na kipimo kinashushwa kwa kamba kabla ya mtu, juu, katikati na chini. Mtu mmoja anabaki mlangoni na haingii kwa sababu yoyote.

Mkishapata hewa, chota hilo tope jeusi. Chini yake ukikuta vishimo vya duara na chuma ndani kinang'aa, ni hao vijidudu, na wanatoboa kwa kina sana sehemu ndogo huku bamba lililobaki likiwa zima. Toa maji yote, safisha, kausha, piga rangi. Kukausha ndo tiba, dawa za kumwaga ni za kuvuta muda.

Anodi zinaisha haraka, au haziishi kabisa

Zile tofali za zinki zinazofungwa chini zinaoza badala ya meli. Kwa hiyo anodi iliyobaki mpya baada ya miaka kadhaa sio habari njema, haifanyi kazi. Labda imepakwa rangi na mtu asiyejua, labda haijashikana na chuma vizuri, au meli ipo kwenye maji baridi ambako zinki inazubaa, huko inatakiwa magnesi. Zikiisha haraka kuliko mahesabu, tazama umeme wa gatini. Waya wa ardhi unaiunganisha meli yako na chuma chote cha gati na cha jirani, na anodi zako zinawalinda na wao. Transfoma ya kutenganisha inamaliza huo ujinga.

Kupima ni rahisi: shusha elektrodi ya fedha kwenye maji, ncha nyingine ya voltimita igusishe chuma kisafi cha meli. Chuma kikisoma kama volti minasi 0.6 hakina ulinzi, minasi 0.8 kwenda juu kimelindwa, ukivuka minasi 1.1 umepitiliza na rangi itaanza kubanduka. Pima sehemu nyingi, omo (mbele) na tezi (nyuma), maana mapanga ya shaba nyuma yanavuta sana na tezi ndo inaonewa.

Imelala upande

Soma namba za kina omoni na tezini pande zote mbili kila asubuhi, ziandike jirani na zile za pampu. Kulala kidogokidogo kwa wiki kadhaa ni tanki linalojaa, pima kila tanki kwa utepe, usiamini geji za zamani. Kulala ghafla ni dharura. USS The Sullivans, destroya ya kule Buffalo, ilitoboka Aprili 2022 na ndani ya muda mfupi ikaketi chini gatini ikiwa imeinama, na kuinyanyua kulichukua wiki kadhaa za kupiga pampu na kuziba.

Kishawishi ni kujaza tanki la upande wa pili ili inyooke. Usifanye kabla hujajua kwanini imelala. Maji yanayocheza huru ndani ya chumba kipana yanapunguza uthabiti wa meli, ukiongeza mengine inaweza kugeuka na kulala upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Funga milango yote ya kuzuia maji kwanza (na kabla ya hapo hakikisha nyaya na mipira uliyoipitisha milangoni kwa ajili ya maonyesho inaweza kuchomolewa kwa sekunde), alafu toa maji kwenye chumba kilichojaa.

Haichezi na mawimbi

Meli imetulia sana, wageni wanafurahi. Imekaa kwenye tope. Tope linashikilia vijidudu tuliosema hapo juu na huwezi kukagua chini. Siku ya kuiondoa ndo unajua: USS Intrepid ya New York ilipotakiwa kuvutwa Novemba 2006 mapanga yake yalikuwa yamezama kwenye tope, tagi (boti za kuvuta meli) zikavuta zikashindwa, ikabidi wachimbe na ikatoka Desemba. Pima kina kuzunguka meli kila mwaka, chimba kabla halijafika kwenye mapanga. USS Kidd kule Baton Rouge wao walipanga toka mwanzo, mto unapanda na kushuka kiasi cha mita 12 kwa mwaka, kwahiyo wameijengea kitanda maalum inakalia maji yakishuka, ila hicho ni kitanda kilichochorwa na wahandisi, tope halibebi uzito sawasawa.

Yote hayo yakikutokea kwa pamoja

Inatakiwa chelezo, au itolewe majini moja kwa moja. Kutolewa kuna wenyewe waliofanya, Mikasa, manowari ya Japani kule Yokosuka, imezungushiwa zege, nyambizi USS Drum ipo nchi kavu Alabama toka 2001. Ila nchi kavu ina yake. HMS Victory, manowari ya mbao ya Uingereza, imekaa chelezoni Portsmouth tangu 1922 na mbao zake zikaanza kupinda kwa uzito wenyewe kwasababu maji hayazibebi tena, mpaka ikawekewa nguzo 134 za kugawana mzigo.

Ukichagua kuivuta kwenda chelezoni, fanya vipimo vya unene kabla ya kumlipa mtu wa tagi, jaza povu kwenye vyumba vibovu kama walivyofanya Texas, na kumbuka kwamba kamba ya mwisho ikifunguliwa umeme wa gatini umekatika, na pampu zote zilizokuwa zinakuokoa zimezima. Jenereta ziwe sitahani zimewashwa tangu jana yake, mafuta ya kutosha mara mbili ya safari, na pampu za akiba zimefungwa mipira tayari.